Yule Aliyesimama Mlangoni na Yule Ambaye Hakusimama

Kazi niliyoifanya hadi kustaafu ilikuwa kuandika sababu. Nilikuwa afisa wa probesheni hapa Nakuru. Mtu akikiri shtaka, au akipatikana na hatia, hakimu huahirisha hukumu na kuagiza ripoti. Faili inaletwa mezani kwako, nawe unaanza kutembea. Unafika kwao. Unaongea na mzazi au aliyemlea, na chifu au naibu wake, na mzee wa mtaa, na mwalimu wake wa zamani ukimpata, na mlalamishi. Unauliza alizaliwa wapi, aliachia shule darasa gani na kwa nini, analala wapi, anatumia nini, anatembea na nani. Ukirudi ofisini unayapanga hayo yote kwenye kurasa mbili tatu, na mwisho unapendekeza: afungwe, awekwe chini ya uangalizi, au afanye kazi ya jamii.

Ripoti ya namna hiyo hubeba madai mawili yasiyopatana kirahisi. Kurasa za mwanzo zinasema huyu mtu amefinyangwa: hakujichagulia mama, wala mtaa, wala shule, wala njaa. Aya ya mwisho inasema anawajibika kwa alilolitenda, na anaweza kubadilika. Hakimu huyasoma yote na kuyakubali yote asubuhi moja. Sasa, ukiziamini zile kurasa za mwanzo kwa moyo wote, hiyo aya ya mwisho inasimama juu ya nini?

Watu hudhani swali la kama binadamu ana hiari ni la maprofesa. Mimi naliona ni la wale wanaopandishwa kizimbani kila Jumatatu, na la wale walioibiwa. Msimamo wangu nautoa mapema. Naamini hiari ipo kweli, lakini ipo kwa kiasi. Kuna aliye nayo nyingi na kuna aliye nayo kidogo, na mtu yuleyule anaweza kuwa nayo mchana akaikosa usiku. Kiasi hicho nacho kina sababu zake, na hapo ndipo watu wanaponiacha, wa upande huu na wa upande ule.

Wa kwanza kuniacha ni mpwa wangu anayesoma fizikia Egerton. Kwake jambo hili ama lipo ama halipo. Huja kwangu Lanet Jumapili, na sahani zikishatolewa mezani huanza na Laplace. Pierre-Simon Laplace alikuwa mwanahisabati wa Ufaransa, na mwaka 1814 aliandika kwamba kama kungekuwa na akili inayojua mahali pa kila chembe ulimwenguni na kila nguvu inayoisukuma kwa wakati mmoja, na yenye uwezo wa kupiga hesabu hizo zote, basi akili hiyo isingekuwa na shaka na lolote. Yajayo yangekuwa wazi mbele yake sawa na yaliyopita. Kisha mpwa wangu huongeza hoja ya Peter van Inwagen, mwanafalsafa wa Marekani, ya mwaka 1983. Yaliyotokea kabla sijazaliwa hayakuwa mikononi mwangu. Kanuni za maumbile haziko mikononi mwangu. Ikiwa ninalolifanya leo ni tokeo la hayo mawili, basi nalo haliko mikononi mwangu. Van Inwagen mwenyewe aliamini hiari ipo, na kwa sababu hiyo akaona ni lile fundisho kwamba kila tendo limeamuliwa na visababishi vilivyotangulia ambalo halina budi kuanguka. Mpwa wangu huichukua hoja ileile na kwenda nayo upande wa pili.

Wapo wanaokimbilia ndani ya atomu, ambako fizikia ya karne ya 20 ilikuta mambo yanayotokea bila kutabirika. Siendi huko. Ikiwa kijana aliiba kwa sababu chembe fulani kichwani mwake iliangukia huku badala ya kule, hajaongezewa uhuru wowote.

Kuna kesi moja ninayotaka kuieleza, na nimebadilisha mambo ya kutosha ili wahusika wasijulikane. Vijana wawili walivunja duka usiku, katika mojawapo ya mitaa ya magharibi ya mji, wakachukua mitungi ya gesi na sanduku la pesa. Mmoja alikuwa na miaka 19, mwenzake 24. Walishikwa upesi, wakakiri wote wawili.

Wa miaka 19 alikuwa na historia inayoandikika. Mwanzoni mwa 2008, akiwa bado mtoto wa kubebwa, nyanya yake alikimbia naye hadi uwanja wa maonyesho ya kilimo, wakaishi kwenye hema pamoja na watu wengi waliofurushwa makwao baada ya uchaguzi. Baba hakuonekana tena. Mama alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akawa anatuma pesa, kisha pesa zikakatika. Kijana aliachia shule kidato cha pili kwa karo, akaosha magari, akawa kondakta wa matatu, akaanza bangi. Nyanya akaugua. Yote nilithibitisha, yote nikaandika, na nikapendekeza asifungwe.

Siku ya hukumu hakimu aliisoma ripoti yangu kwa sauti. Alipomaliza, yule kijana akainua mkono kizimbani. Akasema: "Mheshimiwa, hayo yote ni ukweli. Madam hajasema uongo. Lakini ile usiku tukifika pale, mimi nilisimama kwa mlango. Huyo mama amekuwa akimpea nyanya yangu unga na sukari kwa deni. Nilikumbuka hiyo maneno. Ningerudi. Mimi ndiye sikurudi."

Hakimu alimwomba arudie polepole ili aandike.

Tangu siku hiyo nimeyapima maneno yale kila upande. Mpwa wangu ana jibu tayari: urudishe ulimwengu nyuma hadi usiku ule, ubongo uleule, damu ileile, bangi ileile, mwenzake akipiga mluzi uleule kutoka gizani, na kijana ataingia dukani mara zote. Huenda. Sina la kumpinga kwa upande wa fizikia, na sioni aibu kusema hivyo. Lakini kijana hakuwa akizungumza habari za kuurudisha ulimwengu nyuma. Alikuwa akieleza uwezo aliokuwa nao akiwa amesimama pale. Sasa hivi ninaandika Kiswahili, wala siandiki Kilogooli. Hata hivyo Kilogooli naweza kukisema, nimezaliwa Vihiga. Uwezo huo haufi kwa kuwa dakika hii siutumii, na haufi hata kama kila herufi ninayoiandika sasa ina kisababishi chake. Uwezo wa kuongozwa na sababu kichaa hana, wala mtoto mchanga, wala mtu anayeota. Kijana yule alikuwa na sababu ya kurudi, aliiona, akaipima dhidi ya mluzi wa rafiki yake na deni la dawa za nyanya. Uwezo wa kuongozwa na sababu ile ulikuwamo ndani yake, kwa sababu ndio uliomsimamisha. Ulishindwa, lakini ulikuwepo.

Na kuna jambo jingine, ambalo naona ni zito zaidi. Hakuwa na haja ya kusema. Ripoti ilikuwa inamsaidia. Wakili, kama angekuwa naye, angemvuta shati akae. Yeye akasimama akajinyang'anya udhuru mbele ya watu wote. Niliposoma baadaye andiko la Peter Strawson, mwanafalsafa wa Uingereza, la 1962, niliona kwa nini. Strawson anasema kuna njia mbili za kumwelekea mtu. Ya kwanza ni ya kuhusiana naye: unamkasirikia, unamshukuru, unaumizwa naye, unamsamehe. Ya pili ni ya kumtazama kwa mbali kama jambo la kushughulikiwa: la kutibiwa, kuelekezwa au kuepukwa. Hatuwezi kuishi na watu kwa njia ya pili peke yake, hata tukiaminishwa kwamba kila kitu kina kisababishi, kwa maana upendo na shukrani zingetoweka pamoja na lawama. Ripoti yangu ilikuwa imeandikwa kwa njia ya pili, kama inavyotakiwa iandikwe, na hakuna neno ndani yake ambalo ningelifuta. Kijana alitaka kuhesabiwa pia kwa ile ya kwanza. Mlalamishi vilevile. Mama mwenye duka, mjane, aliniambia nilipomtembelea: "Kufungwa kwake hakuniletei mitungi. Nataka aje aniambie yeye mwenyewe." Mtu hawezi kutaka hivyo kwa kitu kisicho na hiari.

Mpwa wangu akiona nimefika hapo hubadilisha silaha, akaleta ubongo. Mwaka 1983 Benjamin Libet na wenzake huko San Francisco walichapisha jaribio maarufu. Watu waliambiwa wakunje kiganja wakati wowote wanapojisikia, huku wakitazama saa maalumu ili waseme ni lini hasa walipohisi nia ya kufanya hivyo. Umeme wa ubongo ulianza kupanda takriban nusu sekunde kabla ya kiganja kusogea, ilhali nia ilihisiwa kama sehemu ya tano tu ya sekunde kabla. Maana yake, wakasema wengi, ubongo unaamua kwanza, wewe unaarifiwa baadaye.

Mimi nauliza hivi: ni nani amewahi kushtakiwa kwa kukunja kiganja? Wale watu katika maabara hawakuwa na sababu yoyote ya kuchagua dakika hii na kuiacha ile. Hakuna mjane, hakuna deni, hakuna nyanya mgonjwa. Libet mwenyewe hakuikana hiari. Aliona kwamba katika kile kipande kidogo cha muda kabla ya tendo mtu bado anaweza kulizuia. Na mwaka 2012 Aaron Schurger na wenzake walionyesha kwamba ule umeme unaopanda unaweza kuwa ni mawimbi ya kawaida ya ubongo yanayopanda na kushuka hadi yafike kiwango fulani, wala si uamuzi uliokwisha kufanywa kisirisiri. Nakubali sayansi ya ubongo ina mengi ya kutufundisha sisi watu wa mahakama. Hilo la kiganja silo.

Robert Sapolsky ni habari nyingine, na kwake huwa nasoma nikiwa nimekaa wima. Ni profesa wa Stanford ambaye kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuja kwetu Kenya mwaka baada ya mwaka kuchunguza nyani huko Mara. Katika kitabu chake cha 2023 anakana hiari yote kabisa, bila kubakiza hata tone. Anasema nyuma ya kila tendo kuna dakika iliyotangulia, na homoni za asubuhi, na utoto, na tumbo la mama, na mababu, na hakuna mwanya popote ambamo nafsi huru inaweza kujipenyeza. Mhalifu kwake ni kama gari lililokatika breki: unalizuia lisiue watu, lakini hulichukii.

Nakubaliana naye kuhusu chuki. Nimeona chuki ikivaa joho la haki mara nyingi mno. Lakini nyani wake mwenyewe wamenifundisha jambo ambalo yeye halitilii mkazo niutakao mimi. Katika miaka ya 1980 kundi moja alilolifuatilia lilipatwa na kifua kikuu kilichotokana na nyama mbovu kwenye jaa la hoteli ya watalii. Waliokufa ni madume wakali, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakienda kupigania mabaki pale. Waliobaki walikuwa madume wapole na majike wengi. Kundi likatulia; madume wakawa hawawapigi ovyo walio chini yao, wakawa wanachambuana manyoya zaidi. La ajabu ni kwamba miaka mingi baadaye, wale wapole wote walipokwisha kufa au kuondoka, kundi lilikuwa bado tulivu. Madume wageni waliohamia kutoka makundi mengine walijifunza adabu ya pale. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004. Sasa, ikiwa mazingira yanaweza kumfundisha nyani dume kujizuia, basi kujizuia ni kitu halisi, kinajengeka, na kina wajenzi. Sapolsky akiona sababu nyuma ya kujizuia husema: unaona, hakuna hiari. Mimi nikiona sababu nyuma ya kujizuia nasema: hapo ndipo hiari inapotoka, tukaitafute.

Sheria yetu, kwa mwendo wake wa taratibu, imeanza kukubali kwamba hiari ina kiasi. Zamani mtoto wa miaka 8 aliweza kuhesabiwa mkosaji. Sheria ya Watoto ya 2022 imepandisha umri huo hadi 12. Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ni kinyume cha Katiba kumlazimisha jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya kuua bila kusikiliza maisha yake yalivyokuwa. Kabla ya hapo mtu alikuwa akijitetea ili apunguziwe, jaji akimsikiliza, kisha hukumu ikawa ileile. Sijui kama raia wa kawaida anaelewa uzito wa siku ile. Sisi tulioandika ripoti tuliuelewa.

Na hakimu naye ni mtu. Kuna utafiti wa 2011 kutoka Israeli unaotajwa kila mahali: wafungwa walioomba kuachiliwa mapema walikubaliwa kwa karibu asilimia 65 mwanzoni mwa kikao, kiwango kikashuka hadi karibu sifuri kabla ya mapumziko, kikapanda tena baada ya majaji kula. Mpwa wangu anaupenda sana utafiti huo. Anayekaa mahakamani atauliza kwanza faili zilipangwaje. Watafiti wengine waliuliza hivyo, wakakuta wafungwa wasio na mawakili waliwekwa zaidi mwishoni mwa vikao. Hata kwetu, mwenye wakili huitwa mapema. Kwa hiyo njaa huenda haina nguvu inayodaiwa. Lakini uchovu upo, nimeuona, na ripoti ndefu iliyofika saa saba mchana haisomwi kama iliyofika saa tatu.

Upande wa pili unaoniacha ni wa watu wa dini, na hawa ndio wengi. Nimefika kwa wazazi wengi walioniambia, "Kama ameandikiwa jela, ataenda jela, utabadilisha nini wewe?" Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, waliijua hoja hiyo. Kama umeandikiwa kupona, utapona umwite daktari usimwite. Kwa nini basi umwite? Chrysippus, mmoja wao, alijibu kwamba kupona na kumwita daktari vimeandikwa pamoja. Mzee mmoja Mwislamu wa Bondeni, aliyekuwa akitusaidia kwa kujitolea kuwafuatilia vijana walio chini ya uangalizi, alinieleza jambo lilelile kwa njia iliyoniingia zaidi. Khalifa Umar alikuwa safarini kwenda Sham, akapata habari kwamba kuna tauni huko, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza: unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akamjibu: naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuelekea kadari ya Mungu. Akampa mfano wa mtu aliye na ngamia na mbele yake bonde lenye pande mbili, upande wa majani na upande mkavu. Akiwalisha penye majani ni kwa kadari ya Mungu, akiwalisha pakavu ni kwa kadari ya Mungu. Mzee aliwasimulia hivyo akina mama waliokata tamaa, kisha akaondoka nao kwenda kumtafuta mtoto kwenye maskani ya walevi. Sijaona jibu bora la kitendo kwa swali hili.

Nimechelewa kumfikia yule wa miaka 24, kwa sababu yeye ndiye anayenisumbua.

Nilimhoji rumande. Alilala mitaani tangu utotoni, alivuta gamu, yaani gundi, miaka mingi, alishafungwa kabla. Nilimuuliza kuhusu usiku ule, walipofika pale mlangoni. Akaniuliza, "Mlango gani?" Hakuwa akinidharau. Nilirudia swali kwa namna nyingine, na nyingine. Kwake hapakuwa na kusimama kokote. Kulikuwa na duka, kulikuwa na nondo, kukawa na mitungi begani. Mama mwenye duka hakumjia kichwani, wala mtu mwingine yeyote. Nilipomuuliza ni nani angeumia akisikia amefungwa, alifikiri muda mrefu, akataja jina la mbwa.

Hakimu alimpa mdogo miaka miwili ya uangalizi na kumwamuru amlipe mama yule kidogo kidogo. Mkubwa akapata miaka mitatu jela. Angalia kilichotokea. Yule aliyekuwa na uwezo wa kurudi, aliyeujua na kuukiri, ndiye aliyepata adhabu nyepesi. Yule ambaye uwezo huo sikuuona hata nilipoutafuta kwa taa, ndiye aliyefungwa. Kama lawama hupimwa kwa hiari, tulizibadilisha adhabu zao. Na hata hivyo mimi mwenyewe ndiye niliyependekeza hivyo, na leo ningependekeza tena.

Profesa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Nyanza, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, aliandika kitabu mwaka 1976 akitaka adhabu ifutwe. Hoja yake ni kwamba uhalifu unazaliwa na nguvu zilizomo katika jamii. Ukimwadhibu mtu, nguvu zile zinabaki pale pale na kumfinyanga mwingine. Mtu atibiwe, na jamii itibiwe. Ukisoma historia ya yule wa miaka 24 huwezi kumwambia Oruka amekosea. Ninachokiogopa ni matibabu yasiyo na tarehe. Kifungo kina siku ya kutoka. Kwa miaka mingi sheria yetu iliwaweka waliopatikana na hatia wakiwa na ugonjwa wa akili kizuizini kwa muda ambao Rais angependa, na wapo waliokaa humo kuliko wangekaa kama wangehesabiwa kuwa na akili timamu. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu wamesema jambo hilo linavunja Katiba. Kwa hiyo ukinipa kuchagua, nitamtaka kijana wangu awe na tarehe.

Lakini basi tuseme wazi ni kwa nini tunamfunga. Miaka yake mitatu haikuwa malipo ya uovu uliozidi wa mwenzake. Tulimzuia kwa sababu tuliogopa duka litakalofuata, na kwa sababu hatuna mahali pengine pa kumweka. Ukilisema hivyo, deni linageuka. Mtu aliyezuiliwa kwa usalama wa wengine anadai chakula cha kutosha, usingizi, kazi ya mikono, kuachishwa gamu, na mtu hata mmoja wa kumtembelea. Niliyaandika hayo kwenye ripoti, na hukumu ilipotoka bila kuyataja niliyaandika tena kwa wahusika wa gereza, nikiomba awekwe karakana ya useremala.

Mpwa wangu anasema nimeshakubaliana naye: kwamba hakuna anayestahili lolote. La. Yule mdogo alistahili kudaiwa, na alikwenda kwa mama yule bila mimi kumsindikiza. Mkubwa naye anastahili siku ya kudaiwa hivyo, na nilichokuwa nikikitafuta kwa barua zangu ni aifikie akiwa na cha kulipia.

Nilimtembelea kabla sijastaafu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinionyesha viganja, vimekauka kwa randa na msasa. Akanieleza kwamba kuna mfungwa aliyemchukulia blanketi, na alikuwa ameshainua mbao ampige nayo, kisha akaiweka chini. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hajui, aliona tu fundi wa karakana atamfukuza, na hataki kufukuzwa.

Nilipomweleza mpwa wangu, alisema hayo yote yana sababu zake: amelala, amekula, ameacha gamu, ana kazi anayoiogopea. Nikamwambia ni kweli kabisa, na kwamba nakala ya barua niliyoyaombea hayo manne ninayo bado, akitaka kuisoma.